Saa ya Thelathini na Moja

Stima ilipotea saa kumi kasorobo ya alfajiri,
mashine ikakata kauli katikati ya tabaka.
Zilibaki saa tatu. Tatu tu.
Jenereta ya idara ilikohoa mara mbili
ikakumbuka kwamba dizeli haikununuliwa.

Nilikaa gizani na ule unga wa titani,
laini kuliko wa muhogo, ghali kuliko mahari ya dada yangu,
nikihesabu hasara
kama mjane ahesabuye wageni wa matanga.

Asubuhi wakaja, ishirini na wawili,
makoti ya buluu, madoa ya grisi.
Nilitamani kuificha: nyonga ya bandia isiyo na kichwa,
nyonga ya mtu ambaye bado hajaanguka.
"Leo hatuna somo," nikaanza.

Ndunge Musembi akaiinua, hakuniomba.
Babake hufua mabati kule Kamukunji,
masanduku ya shule, tangu kabla mimi sijajua
kwamba madini huwa na majina ya Kilatini.
Akaigonga kwa ukucha, akatega sikio.
Akaigonga tena, chini kidogo.
"Mwalimu, hapa kuna ufa.
Ulianza kabla ya stima kupotea."

Nilicheka.
Stima iliporudi nikakata kipande kwa waya wa umeme,
nikasugua, nikang'arisha, nikainamia hadubini.
Ulikuwepo. Mwembamba, mtulivu,
tabaka la mia nne na kumi,
umelala pale tangu jana mchana
nilipokuwa nikinywa chai na kuvisifu vipimo.

Miaka sita nimefundisha maikromita:
sehemu ya mia ya milimita, usipumue ukisoma.
Sikuwahi kufundisha kusikiliza.
Kwenye mtaala hakuna alama zake.

Ijumaa nikashuka Kamukunji na daftari.
Babake Ndunge hakusimamisha nyundo.
"Kaa," akasema, "lakini usiandike kwanza.
Hili limeiva. Hili bado.
Na hili," akalitupa kando, "linadanganya."
Niliyasikia yote matatu sawasawa.
Akacheka yeye sasa.

Nilirudi na masikio yanayovuma.
Kwenye ripoti, chini ya neno Mbinu,
kuna sentensi moja niliyoifuta mara tatu.
Nyonga bado iko mezani, karibu na mlango.
Kila apitaye huigonga.