Sentimita Nane

Miaka thelathini na moja nimeichora barabara hii kwa chaki:
Malindi hapa, nukta. Mambrui hapa, nukta.
Kisha kushoto, Marafa.
Sentimita nane, watoto; kila sentimita, kilomita tano.
Wakaandika. Nikasahihisha kwa wino mwekundu.
Hakuna aliyeuliza: Mwalimu, umefika?

Leo nimetoka Shela taa za mtaa zikiwa bado macho,
juu ya baiskeli ya Tima, binti wa kaka yangu,
yenye gia ishirini na moja. Nimezielewa tatu.
Rukiya jirani akachungulia dirishani, mswaki mdomoni:
"Mtembezi hula miguu yake, Mwalimu."
Nikamjibu: basi leo sitakosa kitoweo.

Nikalipita kaburi la mnara karibu na msikiti wa Ijumaa,
limesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina
akasahau jibu, na hakuna aliyemwambia kaa.

Kwenye daraja la Sabaki nikafunga breki.
Naomba radhi kwa darasa la tano, miaka yote:
mto huu niliupaka buluu.
Mto huu ni chai ya maziwa iliyosahauliwa jikoni,
umebeba mashamba ya watu wa bara
unayapeleka baharini
bila risiti.

Mambrui, vichochoro vya kuta za matumbawe,
usukani wangu na mabega ya watu tukiombana njia.
Bibi wa mahamri alikataa pesa yangu
mpaka nimtajie ukoo.
Nikamtajia mama, na mama wa mama.
Akanifungia manne kwenye gazeti, na mbaazi juu yake, akasema:
"Kumbe wewe si mgeni. Umechelewa tu."

Kisha kushoto.
Minazi ikaaga mmoja mmoja kama wageni wa arusi,
ikabaki mikanju, na mbuzi, na vumbi jekundu
lililoingia hata katika shahada yangu.
Na kilima! Hicho sikukichora kamwe.
Nilikiruka kwa sababu chaki ilikuwa fupi
na kengele ilikuwa karibu kulia.
Sasa mapaja yangu yananisahihisha,
kosa kwa kosa,
nami nashuka, nasukuma, sioni haya.

Mwiba wa mgunga ukaingia tairi la nyuma.
Kijana mwenye beseni la maji chini ya bati
akaizamisha tyubu, ikaungama kwa mapovu.
Msasa, gundi, kiraka, kofi mbili za kiganja.
Jina lako nani?
"Safari. Mama alinizaa njiani, akienda kwao."
Shilingi hamsini. Nikampa na hamri la mwisho,
nikacheka peke yangu hadi zamu ya pili ya barabara:
safari yangu imezibwa na Safari.

Halafu Nyari.
Ardhi ilikuwa inakwenda vizuri, mahindi, banda, kuku,
mara ikakatika kama sentensi.
Chini, minara ya udongo, mieupe, ya waridi, ya rangi ya boga bivu,
mbavu za kitu ambacho mvua haijamaliza kukila.
Mmomonyoko wa udongo, nilizoea kusema,
nikachora mshale mmoja, nikapangusa ubao.
Mshale mmoja!

Kijana wa kuongoza wageni akaanza kisa
cha matajiri waliooga maziwa, jirani zao wakiwa na kiu,
hadi nchi ikawameza na ng'ombe wao.
Niliwahi kukisikia. Sikumkatiza.
Nilikaa kwenye jiwe, magoti yakitetemeka,
daftari mapajani, kalamu haiandiki,
mwanafunzi wa kiti cha mbele.

Simu ikalia. Tima.
"Shangazi, umefika?"
Nikatazama bonde, nikatazama kiraka,
nikatazama barabara niliyokuja nayo, jinsi ilivyogeuka
kilima juu na kilima chini.

Nusu, nikamwambia.
Nimefika nusu.