Dirisha la Kwanza

Nilibandika karatasi milangoni, ghorofa za mtaa wa reli,
Zabrze, mwezi wa Machi,
masizi ya baridi nzima yangali yameng'ang'ania vioo:
*Łucja Gawlik, nasafisha madirisha.
Dirisha la kwanza bure.*
Na nambari ya simu mara kumi, pindoni, nimeichanja kwa mkasi
ili kila apendaye achane kipande chake.

Norbert akapiga hesabu nyuma ya bili ya gesi:
sabuni, siki, nauli ya tramu, mgongo wako.
"Bure," akasema, "ni neno linalolia kwake mwenyewe msemaji."
Nikamjibu: mwonja asali haonji mara moja.
"Na asali yenyewe," akauliza, "tumebakiza vijiko vingapi?"

Siku tatu vipande vilining'inia vyote kumi
kama meno ya utoto yaliyogoma kung'oka.
Siku ya nne vikapungua viwili.

Siri ya ofa sikuwaambia wao, nakuambia wewe:
usikubali dirisha la choo, wala la uani.
Omba lile la kati, sebuleni, lenye wenzake ubavuni.
Lisugue mpaka kioo kisahau kwamba ni kioo.
Kisha kamua kitambaa, beba ndoo, aga.
Bei usiitaje.
Yale mawili yaliyobaki
yatamsemesha mwenye nyumba usiku kucha.

Mwalimu Kocur alipiga simu kabla sijafika kituoni.
Mke wa muuza nyama alijikaza hadi Jumapili,
mama mkwe alipotazama nje, akauliza:
"Na haya mengine, yana msiba?"
Kufikia Pasaka nilikuwa na daftari,
na Norbert, bila kusema kitu, akaleta ngazi.

Yuko pia aliyejiandikisha kwa majina mawili
apate madirisha mawili.
Nikamsafishia yote. Mpaka leo ananidai la tatu.

Ila Bi Truda Mainka, ghorofa ya nne, hakupiga.
Nilimkuta kwenye foleni ya mkate,
nikamuuliza kama niliacha doa.
"Doa? Hata. Macho ninayo mawili tu, binti,
yanatosha dirisha moja. Nimesogeza kiti.
Naona mnara wa mgodi aliokuwa akishukia Alojz.
Miaka tisa nilidhani wameubomoa."

Jioni Norbert alishika kalamu juu ya daftari:
"Huyu nimwandike wapi? Hasara?"
Nikaendelea kumenya viazi.

Mwezi ukiisha napanda ghorofa ya nne na ndoo ndogo.
Hanilipi, ila chai yake nzito.
Ananifungulia, anashangaa kidogo, ananielekeza kitini kwake.
Kwa Bi Truda, kila mwezi,
ni dirisha la kwanza.