Kipimo cha Ulimi

Pampu ile niliifunga mimi.
Niliseme mapema, nisijifanye shahidi.
Mita thelathini na nane ndani ya mwamba wa Bwejuu,
bomba la inchi tatu,
na juu ya paa la stoo paneli ishirini na nne za sola
zimelala chali kama watu waliokwisha kula.

Nilifurahi, sitaficha.
Cheti changu cha ufundi kilikaa miaka minne
ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro.
Siku ile nilipata ya kununulia bati,
na meneja akaniita injinia
mbele ya vijana wa kwetu waliobeba saruji.

Maji matamu ya huku ni machache.
Yameelea juu ya bahari, chini ya mawe,
kama mafuta juu ya mchuzi wa papa.
Ukichota kwa upawa, taratibu, unayapata.
Ukitia mrija ukavuta
kinachofuata ni chumvi.
Nililijua hilo. Tulifundishwa; lina mchoro wake.

Zamani hoteli ilikuwa na jenereta.
Lilikuwa bovu, alhamdulillahi:
likizima Jumatatu, spea inafika Alhamisi,
na siku zile tatu mwamba unapumua.
Jua haliharibiki.
Jua halidai dizeli.
Linavuta toka saa moja asubuhi mpaka alasiri imepita,
linajaza bwawa, linafua mashuka,
linanywesha majani ya bustani
yaliyoletwa yamekunjwa kama mikeka
kutoka nchi yenye mvua.
Mapokezi wametundika cheti ukutani:
rafiki wa mazingira.
Si uongo. Moshi haupo.

Aliyenijulisha ni shangazi, Bi Mkasi Vuai,
wala hakunijulisha kwa maneno.
Aliniletea chai.
Nikapiga funda moja, nikamtazama,
naye akawa anautazama mpapai wake
ulioanza kuungua majani kwenye kingo.
"Maharage hayaivi siku hizi," akasema.
"Nimebadilisha kuni. Nimebadilisha na sufuria."

Hotelini kuna kipimo ndani ya tangi,
kinatuma habari kwenye simu ya mtu
ambaye kwao sasa hivi ni usiku.
Maji yakishuka kidole kimoja, simu inamwamsha.
Kisima cha shangazi hakina kipimo.
Kina ulimi wake.
Ulimi haumwamshi mtu.
Unatema pembeni, kisha unanyamaza kwa adabu,
maana aliyefunga pampu ni mtoto wa kaka yake.

Sasa ananunua.
Dumu la lita ishirini, shilingi mia tano,
analeta Machano kwa bajaji,
na Machano anajaza lango la nyuma la hoteli.
Basi maji ya chini ya mpapai
yamepandishwa kwa jua la bure
yakamrudia mwenyewe kwa bei.

Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe.
Mimi nimechimba,
akaingia shangazi.

Jana meneja kanipigia. Sauti yake ilikuwa tamu;
maji yake ndiyo yasiyo matamu tena.
Wageni wanalalamika nywele zinakakamaa.
Wataleta mtambo wa kuchuja chumvi,
na yale mabaki makali, yaliyo chumvi mara mbili,
yatapita kwenye bomba refu mpaka pwani.
Nikauliza pwani ipi.
Akanitajia. Ni pale penye vigingi vya mwani
vya Zuwena, binti wa Bi Mkasi,
na wenziwe kumi na wanane.
"Jumatatu uje na spana zako, injinia."

Bati nililonunua halijafika jikoni.
Mvua ikinyesha, shangazi anapikia chini ya turubai.

Simu imelala kifudifudi mkekani, inatetemeka.
"Pokea," ananiambia, "watu wanakungoja."
Nami nimeshika kikombe kwa mikono miwili,
nakunywa chai yake mpaka majani ya chini,
kisha namwomba
aniongeze.