Mkono Ulichoka

Kazi inataka anwani ya Izmir.
Nyumba ya Izmir inataka barua ya kazi.
Dada yangu Şehriban amekaa katikati
kama punje kati ya jiwe na jiwe,
miezi minne sasa, hapa Kars,
akingoja jiwe mojawapo lilainike.

Barua kumi na tisa ametuma. Majibu matatu:
la kwanza asante, la pili asante,
la tatu, "Tunaajiri wakazi wa mji tu."
Basi akaazima anwani ya binamu yetu Feride,
ghorofa ya nne, huko Bornova,
akaikariri mpaka ikamkaa mdomoni
pamoja na namba ya basi, bei ya mkate,
na duka la dawa la kona
ambako hajawahi kununua hata kidonge.

Ujuzi anao, hilo halina ubishi.
Mpe gurudumu la jibini, ataligonga kwa kidole,
atalitegea sikio kama mkunga,
akwambie limelala siku ngapi
na ng'ombe alikula nini kabla ya mvua.
Kiwanda cha hapa kilimjua hivyo
hadi siku kilipofunga mlango
na mishahara yake miwili ikabaki ndani.

Alhamisi, saa nne asubuhi, usaili kwa simu ya video.
Juu, koti la mama, la harusini;
chini, suruali ya kulalia na soksi za sufu.
Nyuma yake dirisha,
na nyuma ya dirisha theluji ya Aprili,
imeng'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga.
"Yalçın," akaniambia, "shika shuka.
Hivyo, juu. Usitikisike."

Nikashika. Shuka ya bluu, haina hata ua.
Huo ndio ukuta wetu wa Izmir.

Bwana Tarık, wa upande wa pili, alikuwa mpole,
sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai.
Akauliza chumvi. Akauliza joto.
Akauliza ukungu ukigeuka rangi unafanyaje.
Dada alijibu kama anayetaja majina ya wanawe.
"Na kuja kazini, utapanda nini?"
"Basi mpaka kituoni, halafu treni ya chini kwa chini."
Hakupepesa.

Ni hapo nilipomwona anaondoka.
Begi hajafunga, lakini alishakwenda,
anapanda ngazi za kituo ambacho hatujakiona,
na mimi nimebaki kuchochea jiko la samadi kavu,
na baba na dawa zake,
na mabata bukini wawili waliokaushwa, wananing'inia darini.

Mkono ulichoka.
Ndivyo nilivyosema baadaye,
na bega liliuma kweli, muulizeni baba.
Shuka ikashuka taratibu, upande mmoja kwanza,
na nyuma ya kichwa cha dada yangu
theluji ikaingia kwenye usaili.

Kimya.
Kisha Bwana Tarık akasema, "Huku leo nimevaa shati la mikono mifupi.
Hiyo ghorofa yako ni ya ngapi, hata iguse theluji?"

Şehriban hakunitazama.
"Niko Kars," akasema.
"Nipeni kazi, ndani ya wiki nitakuwa mlangoni.
Msiponipa, sina mlango wa kubisha huko."
Akaongeza, kama vile nayo ni sehemu ya wasifu wake,
"Aliyeangusha shuka ni mdogo wangu.
Hajui kusema usiende."

Bwana Tarık alicheka, au mtandao ulikwama,
hatukujua. Jibu, Jumatatu.

Jioni tuliikunja ile shuka,
yeye pembe mbili, mimi pembe mbili,
tukisogeleana, tukiachana, tukisogeleana,
mpaka ikawa ndogo ya kutosha
kuingia kwenye begi
lililokuwa wazi juu ya kitanda,
na hakuna kati yetu aliyeuliza
nani amelitoa uvunguni.