Saa Moja Kitandani

Siku ya kwanza, Puno, hatukupewa sindano.
Profesa Eusebia Ticona alituambia tuvue viatu,
akatulaza wodini, macho darini,
saa nzima, kimya.

Dari ilikuwa na ufa.
Niliyahesabu matawi yake: kumi na moja.
Baridi ya mlimani ikanipanda nyayoni.
Mtu akapita, hakunitazama.
Nilitaka maji. Nikaona haya kuomba.

"Malengo ya shahada," akasema, "yamebandikwa ukutani,
mistari tisa, mtaikariri.
Ule ufa haumo."

Leo mzee Apaza hajui Kihispania,
nami Kiaymara nina neno moja tu: maji.
Napasha viganja kwapani kabla sijamgusa,
kisha nainama,
kichwa changu kando ya mto wake,
nione anachokiona.