Kibao cha Bi Ouyang

Mara ya kwanza alinilipa kwa sarafu,
nikaandika: CHAI NA VIUNGO.
Neno "tiba" halmashauri ya Debrecen ilimkatalia;
shahada yake ya Chengdu, mhuri mwekundu na yote,
karani aliigeuza juu chini, akairudisha.

Kizuri chajiuza, husema watu.
Mimi mchora vibao nimekula miaka arobaini
kwa vibaya vijitembezavyo. Tofauti naijua.

Gazeti lilipomwita tapeli wa sindano
nilikwenda kufuta matusi ya mkaa mlangoni.
Ndani, mke wa mwandishi yule yule
amelala kifudifudi, sindano kumi na tatu mgongoni,
anakoroma.

Mfamasia Gergely alipitia uani, usiku,
kola kaipandisha hadi masikioni.
Bi Ouyang alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo
kama mtu anayemsikiliza jirani ukutani:
"Hulali. Tangu mazishi?"
Akalia, mtu mzima, kati ya droo za mizizi
na maganda makavu ya machungwa.

Si wote waliopona. Ilona Vadász hakupona.
Bi Ouyang mwenyewe ndiye aliyemfukuza:
nenda hospitali, leo, si kesho.
Akaenda kesho kutwa. Hilo hakuna aliyeliandika.

Mwaka jana ruhusa ilifika. Nikaja na rangi ya dhahabu:
"Sasa niandike DAKTARI?"
Alikuwa akipima tangawizi. Hakuinua macho.
"Herufi za CHAI zimebambuka," alisema.
"Anza na hizo."