Kukimbia Deni

Saa kumi na moja na robo, adhana bado,
nafunga kamba za viatu gizani kwa kupapasa.
Viatu ni vya Karume, elfu kumi na nane baada ya kubishana;
kwenye ulimi wa kile cha kushoto
kuna jina la mtu kwa wino: Ingrid.
Sijui alikimbilia wapi huyo Ingrid, wala kama alifika.
Mimi naanzia Msewe.

Magoti yanalalamika kama bawaba za mlango wa stoo.
"Sukari," alisema daktari, akaizungushia namba kalamu nyekundu,
"tembea mama, na ukiweza, kimbia."
Nilianza kwa kutembea. Kisha kutembea kwa hasira.
Kisha siku moja miguu ikasahau
kwamba ina miaka hamsini na mbili.

Njia yenyewe si njia,
ni upana wa mtu mmoja na nusu
kati ya ua wa michongoma
na mfereji unaonuka jana ya watu wote.
Inashuka bondeni, inavuka daraja la magogo mawili
(moja bovu, nalijua kwa mlio),
inapanda kilima chekundu mpaka nyuma ya Chuo.
Masika yakipita inabadili mawazo:
penye kichanga panakuwa shimo,
na penye shimo mtu ametupa godoro.

Pale kwa Mama Nyangeta yupo mbwa.
Mbwa anaitwa Deni.
Sisingizii; kila alfajiri sauti hutoka dirishani,
"Deni! We Deni, muache mtu wa watu!"
Nami natimua mbio, mtaa mzima ukisikia
ninavyokimbia Deni.
Wiki ya kwanza walinicheka hadi bombani:
"Shoga, ni kausha damu gani hiyo inayodai usiku?"
Basi. Dawa ya deni inajulikana.
Nalipa kipande cha andazi la jana,
anapokea bila risiti,
na kesho yake anadai upya
kama hatujawahi kuonana.

Kilimani pumzi inakatika.
Kichomi kinaingia ubavuni bila hodi, kinakaa.
Pikipiki inashuka haina taa, najibanza kwenye miiba,
miiba inabaki na uzi wa fulana yangu.
Vijana wawili wa Chuo wananipita wakizungumza,
wakizungumza!
mwendo ule ule ambao mimi nakopa roho kuupata.
Moyoni nasema, nendeni, hamsini mtaikuta.

Halafu juu.
Ya juu sijui niyaseme vipi.
Chini ya mikorosho kuna baridi iliyohifadhiwa
kama maji ya mtungi, nainywa kwa ngozi.
Huko bondeni taa za Ubungo zinazimwa moja moja,
na kwa dakika tatu hivi
hakuna anayeniita mama, shangazi, wala mteja.
Mwili huu wote, hadi kucha,
ni wangu, na umeshalipiwa.

Mei ilinyesha siku nne mfululizo. Nikalala.
Siku ya tano, langoni pa bohari la saruji,
mlinzi Mahundi akanimulika na tochi.
"Ulikuwa wapi?"
Tangu nimjue hatujavuka salamu.
"Simu yangu iliibwa tangu Februari," akasema.
"Ukipita wewe najua imebaki nusu saa nitoke.
Siku hizi nne, dada, usiku ulikuwa hauishi."

Nilitaka kumweleza habari za mvua, za magoti,
za shuka lilivyokuwa zito.
Nikasema tu, "Nisamehe, kaka,"
nikaongeza mwendo,
na huko mbele nikamsikia Deni ameshaamka,
na andazi
nimelisahau mezani.